Ngazi ya shanga: kumbukumbu ya mradi wangu wa ukarabati wa DNA

4 Mei

Leo nimelazimika kuubomoa mfano wangu wa kwanza wa DNA, ile ngazi ya nyuzi mbili zilizosokotana inayobeba taarifa za urithi. Nilikuwa nimeujenga kwa spoki za baiskeli zilizopindwa kwa koleo, na juu yake nikagundisha shanga za rangi nne kwa besi nne, yaani herufi za kemikali za DNA: nyekundu kwa adenini, njano kwa timini, buluu kwa guanini na nyeupe kwa sitosini. Kipimo nilichochagua ni sentimita 5 kwa kila nanomita, kwa hiyo ngazi ina upana wa sentimita 10, na kutoka kidato kimoja hadi kingine ni sentimita 1.7. Kwa kipimo hicho kromosomu nzima ya bakteria Escherichia coli, yenye jozi za besi (kila jozi ni kidato kimoja) zipatazo milioni 4.6, ingefika kilomita 78 kama ingenyooshwa, yaani takribani safari ya boti kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Mimi nimejenga vidato 30 tu, na hivyo vimenitoa jasho la kutosha.

Shabaha ya mradi ni kuonyesha kwa mikono jinsi vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kikemia, vya bakteria huyo vinavyotambua mahali DNA ilipoharibika. Niliweka jeraha moja, lile linaloletwa na miale ya urujuanimno ya jua, ambapo timini mbili zinazofuatana kwenye uzi uleule hushikana kwa pete ya kaboni nne na kuwa kitu kimoja. Nilizifunga shanga mbili za njano kwa waya mwembamba, nikamfunga mpwa wangu kitambaa machoni, nikamwambia atafute palipoharibika kwa vidole vyake. Alipapasa shanga moja moja kuanzia juu, akatumia karibu dakika nne, na alichokipata mwishoni ni ule waya. Hilo halinifai hata kidogo, kwa sababu bakteria huyu akiwa katika mazingira mazuri hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, na kimeng'enya kinachopapasa kila besi kwa mwendo huo kisingefika popote katika kilomita 78.

Kosa liko kwenye spoki. Chuma kigumu hakijali kwamba shanga mbili zimefungwa pamoja, ilhali DNA ya kweli hujipinda na kutikisika wakati wote, na timini zilizoshikana huupinda msokoto kidogo na kulegeza mshiko wao na besi zilizo mkabala nao.

18 Mei

Mfano wa pili ni wa mshipi mnene wa kuvulia samaki. Kila kidato ni vipande viwili vya mrija wa kunywea soda vinavyokutana katikati kwa sumaku ndogo, ambazo fundi simu wa mtaani kwetu alinikusanyia kutoka kwenye spika mbovu. Ngazi nzima naining'iniza kwenye boriti ya baraza, jiwe likiivuta kwa chini, kisha naisokota hadi kila vidato kumi hivi viwe vimekamilisha mzunguko mmoja. Nilipozikaza timini mbili kwa uzi, vidato vyake vilisogeleana, sumaku zikaanza kuachia, na mshipi ukapinda upande mmoja.

Safari hii mpwa wangu hakuhesabu shanga hata moja. Aliishika ngazi kwa viganja viwili, akawa anaiminyaminya huku akishuka, na haikufika nusu dakika akasimama penyewe. "Mjomba, hapa pamelegea." Ila kabla ya hapo alikuwa amesimama mahali pengine pawili, pazima kabisa, ambapo mimi nilikuwa nimekaza mafundo vibaya, na kote huko alisema neno hilohilo.

Nilikaribia kuyaandika makosa hayo kuwa kasoro ya mfano, hadi nilipokumbuka kwamba UvrA, protini ya bakteria inayotafuta majeraha, nayo ndivyo ilivyo. Protini hiyo hufanya kazi zikiwa mbili kwa pamoja, hupima umbo na ulegevu wa DNA, na hushika hata sehemu nzima mara kwa mara. Kwa kuwa haifungamani na kemia ya jeraha moja, inaweza kutambua timini zilizoshikana pamoja na besi zilizobebeshwa molekuli kubwa za sumu ambazo bakteria hajawahi kukutana nazo. Gharama ya upana huo ni kushuku wasio na hatia, na ndiyo maana uamuzi huachiwa protini ya pili, UvrB, ambayo huchomeka kati ya nyuzi mbili sehemu yake iliyojikunja kama pini ya nywele, ikaubana uzi mmoja na kuukagua kwa karibu. Jeraha likikosekana, DNA huachiwa; likiwepo, UvrA huondoka na UvrB hubaki imeng'ang'ania.

UvrB yangu ni kibanio cha nguo, ambacho mdomo wake mmoja nimeurefusha kwa pini halisi ya nywele ya dada yangu, naye hadi sasa hajajua ilikokwenda. Nikiipitisha kati ya nyuzi penye vidato vizima huteleza. Ikifika kwenye timini zilizoshikana hukwama. Mafundo yangu mawili mabaya yote yalipita mtihani huo wa pili, na sijawahi kufurahia kasoro zangu kiasi hicho.

25 Mei

Siku nzima imeliwa na hesabu. Baada ya UvrB huja protini ya kukata, UvrC, ambayo huukata uzi ulioharibika mara mbili, kila upande wa jeraha (ncha mbili za uzi huitwa 3′ na 5′): kwenye kifungo cha fosfati cha nne au cha tano upande wa ncha ya 3′, kisha kwenye cha nane upande wa ncha ya 5′. Ukataji huu wa pande zote mbili ulionyeshwa mwaka 1983 na Aziz Sancar na W. Dean Rupp katika Chuo Kikuu cha Yale, na kipande kinachotoka kina nyukliotidi (besi pamoja na sehemu yake ya uzi) 12 au 13. Mimi kila nikikata napata 14 au 15. Niliukata mshipi, nikauunga, nikaukata tena, nikafikia hatua ya kuvishuku vitabu.

Kumbe nilikuwa nahesabu shanga, wakati kinachohesabiwa ni kipande cha mshipi kilicho kati ya shanga na shanga. Ukikata kipande cha nane, ndani zinabaki shanga 7. Ukikata cha nne, zinabaki 3. Ongeza timini 2 zenyewe, unapata 12 kamili. Ukikata cha tano, ni 13.

1 Juni

Nimechepuka kidogo kwenda kwenye urasili, besi isiyotakiwa katika DNA. Sitosini ikipoteza kundi lake la amino kwa kushambuliwa na maji hugeuka urasili, na kimeng'enya kinachoiondoa katika E. coli kilielezwa na Tomas Lindahl mwaka 1974. Hapa umbo la ngazi halisaidii sana. Besi yenyewe huchopolewa nje ya msokoto na kujaribiwa ndani ya mfuko mwembamba wa protini. Timini inafanana na urasili kwa kila kitu isipokuwa kundi moja la metili (kaboni moja na hidrojeni tatu), na kundi hilo ndilo linaloizuia isiingie. Nimetumia kizibo cha chupa kuwa mfuko, na tone la gundi lililokauka juu ya shanga ya njano kuwa metili. Inakwama vizuri sana.

MutS, protini inayotambua makosa ya kunakili DNA, nimeiahirisha. Pale DNA inaponakiliwa vibaya, besi zote mbili huwa nzima na kosa liko kwenye jozi tu, hivyo lazima ijulikane uzi upi ni mpya. E. coli huujua kwa mfuatano wa GATC (guanini, adenini, timini, sitosini), ambao kwenye uzi wa zamani umekwisha kutiwa metili na kwenye uzi mpya bado, na kimeng'enya MutH hukata ule usio na alama. Paul Modrich na wenzake waliifanya kazi hiyo yote ndani ya mrija wa maabara kwa protini zilizosafishwa mwaka 1989. Shida yangu ni kwamba GATC iliyo karibu inaweza kuwa jozi 1,000 kutoka kwenye kosa, na ngazi ya mita 17 haienei barazani.

8 Juni

Nimerudi kwenye pengo linalobaki baada ya UvrC kukata. UvrD hufungua vidato na kukitoa kipande kilichokatwa, polimerasi ya kwanza hujaza nafasi kwa kufuata uzi mzima ulio mkabala, na ligasi huunga mwisho. Kujaza kulikuwa rahisi, maana kila shanga nyekundu inadai ya njano na kila ya buluu inadai nyeupe. Kuunga ndiko kulikonishinda: nilifunga fundo dogo kadiri nilivyoweza, nikamwita mpwa wangu, nikamfunga kitambaa, naye akashuka moja kwa moja hadi kwenye fundo na kusema pameharibika. Ligasi hurudisha kifungo kilekile kilichokuwepo, na UvrA ikipita baadaye haikuti chochote cha kushika.

Mshipi ni wa nailoni, kwa hiyo nimeanza kujaribu kuyeyusha ncha mbili kwa moto wa kibiriti na kuzigandisha bila fundo. Jaribio la kwanza limeunguza shanga moja ya njano.