Bata wa Kaskazini kwenye Ziwa Ol Bolossat

Watu wa Nairobi wakitaka kuona ndege wa majini hukimbilia Nakuru au Naivasha. Mimi, Januari hii, nilipanda juu zaidi hadi Ziwa Ol Bolossat, Kaunti ya Nyandarua, kwa sababu niliowataka si heroe bali bata wanaohama kutoka Ulaya na Siberia. Hili ndilo ziwa la asili pekee katika eneo la kati la Kenya. Liko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, chini ya ukingo wa Satima, na halina geti wala tiketi. Napenda uhuru huo, ingawa unaniogopesha.

Matatu ya Jumamosi alfajiri ilipita Naivasha na Gilgil, kisha ikashika njia ya Ol Kalou. Kuanzia hapo ni viazi, kabichi na karoti pande zote, na ng'ombe wa maziwa wamefungwa kando ya barabara. Nilishuka Nyahururu, nikanywa chai kwa mandazi, nikakutana na kijana mwenyeji tuliyekuwa tumezungumza kwa simu. Huyu huwaongoza wageni, na kila Januari hujitolea katika sensa ya ndege wa majini inayoratibiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pamoja na shirika la Nature Kenya. Tukachukua bodaboda hadi ziwani.

Kwa mara ya kwanza macho hayaoni ziwa. Yanaona nyasi na matete, na maji yamejitokeza vipandevipande katikati. Ol Bolossat ni la kina kifupi, na hilo ndilo linalowaleta bata wasiopiga mbizi: chakula chao lazima kiwe karibu, pale mdomo na shingo vinapofika. Viboko walikuwa wakikoroma ng'ambo. Kukuziwa weusi walijaa kila mahali, wakigombana bila kuchoka.

Bata wenyewe, kusema kweli, wote walikuwa wa kahawia. Niliinua darubini, nikaishusha, nikaiinua tena. Kijana akanisogelea. "Usianze na rangi, ndugu. Anza na mdomo, nenda mkiani, kisha subiri waruke."

Basi nikaanza na mdomo. Wa kwanza alikuwa na mdomo mrefu uliopanuka mbele kama mwiko, ndiye shoveler kwa Kiingereza, jina la kisayansi Spatula clypeata. Kingo za mdomo huo zina vichujio vyembamba. Bata hawa huzunguka kwa kundi, kila mmoja akifuata mkia wa mwenzake, miguu yao ikivuruga maji mpaka wadudu wadogo wapande juu, kisha huchuja. Tuliwatazama wakifanya hivyo muda mrefu, na sikutamani kuondoka. Pembeni yao kulikuwa na Anas acuta (pintail kwa Kiingereza), mwembamba, mwenye shingo ndefu. Dume wake ana mkia uliochongoka na mstari mweupe unaopanda kando ya shingo. Shingo hiyo humwezesha kubinuka, kichwa chini na mkia juu, akafikia mbegu ambazo bata wengine wa juujuu hawazifikii.

Aliyenitoa nyumbani hasa ni wa tatu, Spatula querquedula (garganey kwa Kiingereza). Ni bata mdogo, kwa kawaida hafiki hata nusu kilo. Huzaliana kwenye mabwawa yenye nyasi kuanzia Ulaya hadi Siberia, na majira ya baridi yanapokaribia karibu wote huondoka Ulaya, ilhali bata wengine wengi hujibanza magharibi ya bara hilo. Maji yakiganda, chakula kimefungiwa. Wanaokuja Afrika huvuka jangwa. Na kabla ya hayo yote, huko walikozaliana, bata hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa pamoja, wakakaa wiki kadhaa wamejificha matetini bila kuweza kuruka. Kwa hiyo mabawa niliyokuwa nikiyatazama yaliota kabla tu ya safari.

Dume wa aina hii huchelewa kuvaa rangi zake. Miezi mingi akiwa kwetu hufanana na jike, na utepe mweupe juu ya jicho hukamilika siku za kurudi zikikaribia. Tulimpata mmoja ambaye utepe ulikuwa umeanza kuonekana. Kisha furukombe akapita, kundi zima likaruka, na nikaona ile rangi ya samawati iliyofifia juu ya mabawa ambayo kijana alikuwa ameniahidi. Nilipiga kelele ya furaha.

Mzee mmoja alikuwa akichunga kondoo karibu. Tulimwamkia, akatuuliza tumeona nini.

"Hao wadogo si wa hapa," alisema. "Baridi ya Agosti ikishaisha ndipo huja. Tukianza kupanda, wameenda."

"Unawafahamu tangu zamani, mzee?"

"Tangu nikiwa mtoto. Lakini siku hizo maji yalikuwa yakifika pale." Akaelekeza fimbo kwenye shamba lililolimwa. "Yakiisha, watashukia wapi, kijana wangu?"

Mwaka 2018 serikali ilitangaza Ol Bolossat kuwa ardhioevu inayolindwa. Tangazo ni hatua kubwa, ila jembe halisomi gazeti rasmi. Mipaka inahitaji kuonekana ardhini, na mkulima anayeishi kandoni anahitaji faida inayotokana na ziwa likiwa hai. Naona malipo ya kijana yule kama mwanzo wa faida hiyo.

Jumapili tulifika kabla ya jua, nyasi zikiwa na ukungu na vidole vikiwa vimekufa ganzi. Korongo taji walikuwa malishoni wawili wawili. Wao ni wenyeji, wamo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, na huzaa papa hapa matetini. Bata wa kaskazini, ambao hula sana usiku, walikuwa wakirejea kupumzika majini.

Mchana nilipitia maporomoko ya Thomson, Nyahururu, ambako Ewaso Narok huanguka mita 74. Mto huo unatoka Ol Bolossat, na maji yake huendelea hadi Ewaso Ng'iro na nchi kavu ya kaskazini. Watu walipanga foleni kupiga picha. Niliowauliza hawakuwa wamewahi kulisikia ziwa lenyewe.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Novemba na Machi. Beba sweta nzito na gambuti, tafuta mwongozaji mwenyeji, na umlipe vizuri. Usiwasogelee bata ili upate picha nzuri zaidi. Kila wanapokurupushwa huchoma mafuta ya mwilini, na ifikapo Machi mafuta hayo ndiyo yatakayowarudisha Siberia.