Barafu ya Saa Saba Mchana

Nimekulia kwenye harufu ya asidi. Baba alikuwa na kibanda cha kuchaji betri Tandika, enzi zile mtu asiye na umeme alifunga betri ya gari kwenye baiskeli, akailipia chaji, akarudi nayo kuangalia televisheni siku tatu nne. Kabla ya kuiunganisha, Baba alifungua vifuniko vyote sita, akachungulia maji, akazamisha kipimo. Leo mimi nafunga sola, na bado kazi yangu inaanzia kwenye vifuniko.

Mwaka juzi niliitwa kijiji kimoja cha delta ya Rufiji. Basi kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, kisha boti katikati ya mikoko. Maji yaliyozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, yanapita mbele ya nyumba zao kwenda baharini, lakini nguzo za gridi ya taifa hazijafika. Wana gridi yao ndogo: paneli, betri nane za maji za N200, inveta moja ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, na nyaya hadi zahanati, msikiti na nyumba kama 20. Ilikuwa na miezi 19 tu, na kila usiku ikifika saa tano, giza.

Babu mmoja mvuvi wa kamba alitupokea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Fundi ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Haya, tusaidie. Tumeambiwa jua la huku halitoshi."

Jua lilikuwa tele. Nilipofungua vifuniko, maji yalikuwa yameshuka chini ya usawa wa sahani za risasi zilizomo ndani, na sahani zina ukungu mweupe. Hiyo ni salfeti ya risasi: betri ikilala bila kujaa siku nyingi, salfeti inaganda kuwa fuwele ngumu ambazo chaji haiwezi tena kuziyeyusha. Chumba kilikuwa cha bati, hakina hata tundu la hewa, na joto lake saa nane mchana sitaki kulikumbuka. Betri ya risasi ikikaa kwenye nyuzi 35 badala ya 25, umri wake unapungua karibu nusu.

Halafu nikaona waya ambao haukuwa kwenye mchoro. Ulitoka moja kwa moja kwenye betri, ukairuka kontrola, kifaa kinachokata umeme betri zikishuka mno, ukaenda kwenye friza tatu za kamba.

Sikuwagombeza. Kamba wakioza ni ada ya shule imeoza. Nilikaa nao chini, tukapiga hesabu kwenye mchanga. Betri nane, kila moja volti 12, ampea-saa 200: zinabeba kama yuniti 19. Za kutumia bila kuziua ni nusu, tisa na kitu. Taa na jokofu la chanjo vilishakula saba kwa usiku, friza zikaongeza tano. Masika yakaingia, mawingu wiki nzima, na deni la jana halikulipwa.

Najua wengi mtasema: wangeweka betri za lithiamu. Ni nzuri kweli, naipenda. Inakubali kushushwa hadi asilimia 20 maelfu ya mara. Lakini hesabu ikizidi, saketi yake inakata tu, na jokofu la chanjo linazimika pamoja na friza. Na pesa ya kijiji ilitosha betri za maji.

Jambo lililonisumbua lilikuwa jingine. Kufikia saa saba mchana betri zikiwa nzima huwa zinakaribia kujaa, na jua linalobaki hadi jioni linapotea bure. Kwa nini baridi ya usiku isitengenezwe muda huo? Kilo 10 za barafu zikiyeyuka zinanyonya joto la karibu yuniti moja. Barafu haihitaji kuongezwa maji ya betri.

Kisiwa cha El Hierro, kule Kanari, Hispania, kilifanya kitu cha namna hiyo kwa maji. Tangu 2014 upepo unapozidi wanasukuma maji hadi kwenye bwawa lililojengwa ndani ya kreta ya volkano, upepo ukitulia wanayaachia yashuke kwenye mitambo. Mwaka 2019 walipitisha zaidi ya wiki tatu mfululizo bila kuwasha dizeli. Delta yetu haina mlima, ni tambarare na tope. Chupa za maji tunazo.

Basi nikaweka taima: friza zinawaka saa nne asubuhi, zinazima saa tisa, zimesheheni chupa. Kina mama walizishonea magunia ya kuzifunika usiku. Pampu ya kisima nayo nikaihamishia mchana, tangi linajaa juani. Betri za zamani zilikuwa zimekufa; mpya nane sikuzirudisha kwenye chumba cha bati, nikaziweka chini ya makuti, upepo unapita.

Nikamkabidhi kijana mmoja wa pale mita ya kupimia volti, nikamwonyesha wapi pa kushika. Kila alfajiri baada ya swala ananitumia namba. Leo imekuja nikiwa kwenye daladala: volti 24.8 kwa betri mbili zilizounganishwa, yaani usiku umeisha na bado ziko juu ya nusu. Na jana huko mvua ilinyesha kutwa.