Miezi Tisa ya Nyota

Jumapili, saa nne usiku.

Leo nimepakia toleo la pili la riwaya yangu ya kwanza. Kubonyeza kwenyewe hakukuchukua hata dakika moja, lakini baada ya hapo nimekaa karibu nusu saa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, kama mtu aliyemsindikiza mgeni na bado anaitazama njia. Kwa miaka mitatu kitabu hiki kimetembea kwa watu kikiwa na kosa, na kosa hilo nimelala nalo tangu siku nilipoandikiwa.

Aliyeniandikia ni mfugaji. Alisema amekisoma chote kwa siku mbili, kwamba Rehema, mhusika wangu mkuu, amemgusa sana, halafu akaongeza sentensi chache tu: "Dada, Nyota alipandishwa wiki mbegu za mahindi zinaingia ardhini, akazaa wiki ya kuvuna. Mbuzi angeweza. Ng'ombe hawezi."

Nilisoma ujumbe ule nikiwa nimesimama, nikalazimika kukaa. Mimi nimelelewa na maziwa ya ng'ombe tuliowakamua wenyewe. Najua ng'ombe hubeba mimba miezi tisa, siku 283 hivi, na mbuzi miezi mitano. Nilijua vyote hivyo, na bado nilipokuwa naandika nilitaka ndama azaliwe siku ya mavuno kwa sababu picha ilikuwa nzuri: mahindi yamelundikwa uani, ndama anajaribu kusimama, na Sefu anamwambia Rehema maneno aliyokuwa ameyameza muda wote. Nikamharakisha ng'ombe ili nipate ukurasa mzuri.

Nilidhani marekebisho yatakuwa madogo. Nibadilishe mwezi hapa, niondoe neno pale, basi. Lakini kila nilipogusa tarehe moja, nyingine zilihama. Nyota akizaa miezi tisa baadaye, mavuno yamekwisha zamani, shamba limelimwa tena, mbegu nyingine zimeota. Watu wangu wawili wangefanya nini muda wote huo? Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kinanisumbua kwenye kitabu kile hata kabla ya barua ya mfugaji. Mapenzi ya Rehema na Sefu yalikuwa yamekimbia kwa sababu ng'ombe alikimbia. Walikutana, wakagombana kuhusu maji ya mfereji, wakapatana, yote ndani ya msimu mmoja, na ugomvi wao haukupata hata siku ya kuoza na kunuka kama ugomvi wa majirani unavyonuka. Nilipompa Nyota miezi yake tisa, na wao wakapata nafasi ya kununiana kikweli. Sura tano mpya zimezaliwa humo. Ndiyo maana nimeliita toleo la pili na kulitafutia ISBN mpya, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Kusahihisha herufi zilizokosewa hakudai namba mpya, lakini kitabu kilichobadilika kiasi hiki kinastahili tarakimu zake 13, na kitabu pepe chake nacho namba yake.

Sura ninayoipenda kuliko zote ni ya kuzaa, na nataka kuiandika hapa ilivyonijia, kwa sababu wengi huniuliza mapenzi ya shambani yanatoka wapi.

Ni usiku. Rehema yuko peke yake zizini na Nyota anahangaika. Kwato mbili za mbele zimetokeza, na pua ya ndama imelala juu yake kama inavyotakiwa, ila ndama ni mkubwa na huu ni uzao wa kwanza. Jirani wa karibu ni Sefu, ambaye hajasemeshana naye kwa miezi minne. Anamwita. Anakuja bila kuuliza. Kamba mbili zinafungwa, kila mguu na yake, juu ya kifundo. Sasa, aliyewahi kumzalisha ng'ombe anajua kwamba miguu haivutwi sambamba. Mmoja unatangulia kidogo, halafu mwingine unaufuata, ili mabega yapite moja baada ya jingine. Na huvuti ng'ombe asiposukuma. Akisukuma unavuta, akipumzika unapumzika. Kwa hiyo Rehema ana kamba moja, Sefu ana nyingine, na hakuna anayeweza kufanya kazi yake bila kumsikiliza mwenzake. "Vuta." "Ngoja." "Wewe." "Sasa mimi." Miezi minne ya kimya, na maneno yao ya kwanza ni hayo.

Ndama anatoka. Sefu anamtekenya puani kwa unyasi mpaka anapiga chafya, Rehema anapaka dawa kitovuni, na wote wawili wanabaki mpaka ndama anyonye dang'a, maziwa yale mazito ya kwanza, kwa sababu kinga iliyomo humo ndama huipokea vizuri katika saa zile za mwanzo, na siku ikiisha mlango wa kinga hiyo umefungwa. Hawashikani mikono. Mikono yenyewe haishikiki. Wanakaa tu juu ya nyasi, mgongo ukutani, wakimsubiri ndama apate chuchu.

Katika toleo la kwanza Sefu alitoa hotuba hapo. Nimeifuta yote.

Watu wakiniuliza nani amenichapishia, nikajibu ni mimi mwenyewe, mara nyingi nasikia sauti zao zikishuka. Zamani iliniuma. Baadaye nikasoma kwamba Jane Austen, mwaka 1811, alitoa riwaya yake ya kwanza kwa makubaliano kwamba hasara ikitokea ni yake yeye. Hata jina lake halikuwekwa, iliandikwa tu kwamba mwandishi ni bibi mmoja. Ilimletea pauni 140. Tangu hapo najibu bila kuinamisha macho. Kujichapishia ni kama kulima shamba lako badala ya kuwa kibarua: mbegu ni yako, magugu ni yako, na jua likichoma hakuna wa kumgongea mlango. Mhariri nimemlipa mimi. Mswada nimeusoma kwa sauti mara tatu, kwa sababu sikio hukamata kinachopita machoni.

Na nimejifunza kutoamini kioo cha kompyuta. Kitabu changu cha pili niliagiza nakala 100 bila kuona hata moja ya majaribio, na aliyenichapia hakunitahadharisha. Zilipofika, pambizo la ndani lilikuwa jembamba mno, maneno ya mwisho wa mistari yamemezwa kwenye mgongo wa kitabu. Msomaji alilazimika kukipasua ili asome. Nililia, sitaficha. Sasa natumia uchapishaji kwa mahitaji, ambapo nakala huchapwa baada ya mtu kuiagiza, na kabla ya kufungua mauzo naagiza moja kwa ajili yangu, nalala nayo siku kadhaa, naikunja, naiweka mezani ninapopikia. Jalada nalo silimalizi mpaka kurasa zihesabike, maana upana wa mgongo unategemea idadi ya kurasa na unene wa karatasi. Sura tano mpya zilinenepesha mgongo wa kitabu cha Nyota na jalada zima likapimwa upya.

Kuhusu picha ya jalada tulibishana sana na mchoraji. Yeye alitaka wapenzi wawili wenye nguo nyeupe katikati ya shamba la alizeti. Mimi nikamwambia hakuna mtu aendaye shamba na nguo nyeupe. Akanijibu, na alikuwa na haki, kwamba jalada halisimulii hadithi, linamwambia msomaji hiki ni kitabu cha mapenzi, asije akakipita. Tulikubaliana: wapenzi wawili wapo, wamekaribiana, lakini wamevaa buti zenye tope na Rehema ameshika ndoo. Naamini ni jalada zuri.

Jambo moja silibadilishi, hata wanaoniambia kwamba riwaya zenye huzuni ndizo zinazoheshimiwa: hadithi zangu zinaisha kwa tumaini. Anayefungua riwaya ya mapenzi amenikabidhi moyo wake kwa masharti hayo. Naweza kumnyima mvua, naweza kumuua fahali, lakini wale wawili lazima niwafikishe.

Sasa juu ya meza yangu kuna kalenda ya ukutani kwa kila riwaya. Naandika siku ya kupandishwa, naandika siku ya 21 ili nione kama joto la kutaka dume limerudi, maana likirudi hakushika mimba, naandika siku ya kukausha maziwa, miezi miwili kabla ya kuzaa. Kuku akiatamia, siku 21 nazo zinaingia humo. Wapenzi wangu wanaishi ndani ya tarehe hizo.

Utaratibu huo si wangu. Baada ya barua ya yule mfugaji nilikwenda kulitoa daftari la ng'ombe la marehemu baba, nikitafuta namba za uhakika. Lina jalada gumu la bluu, limeliwa na mchwa pembeni. Mwandiko wake mdogo, wa wino, umejaa tarehe na lita. Mwaka mzima ni hivyo, asubuhi na jioni, lita 11, lita 9, lita 12. Halafu katikati ya ukurasa kuna mstari mmoja: "Mama watoto ana homa. Nimekamua mimi. Lita 4. Amekataa kuteremsha, hanijui." Siku ya pili: "Lita 5." Siku ya tatu: "Lita 10." Siku ya tisa: "Mama watoto amekamua. Lita 12. Mungu mkubwa."

Ng'ombe akiguswa na mkono asiouzoea huyazuia maziwa, hilo najua. Lakini kutoka tano hadi kumi kwa usiku mmoja sikukuelewa. Jioni hii, baada ya kupakia faili, nimempigia mama simu nikamsomea ule ukurasa wote. Akanyamaza kidogo. Nikamwuliza, mama, siku ya tatu baba alifanya nini?

"Alichukua sweta langu la kukamulia," akasema, "lile jekundu, lilimbana huyo, vifungo havikufunga. Akaenda nalo zizini. Nilimwona dirishani."

Sikuwahi kulisikia hilo. Nimeshafungua riwaya ya nne, sura ya kwanza, na sweta limetundikwa msumarini nyuma ya mlango.