Muti wa yaya na muti wangu

Yaya wangu, mutoto wa baba mukubwa, anaishi Marekani kule North Carolina, na kila mwaka mwezi wa ine ukifika ananitumiaka picha ileile kwa WhatsApp: muti mudogo pembeni ya mulango wake, umejaa maua meupe mpaka majani hauyaone. Wanauita dogwudi, ni muti wa porini kwao tangu zamani, tena ua lake njo ua la jimbo lao. Siku moja nikamwambia yaya, nitumie mbegu na miye, nataka muti kama huo mu parseli, mufupi, usiosumbua waya wa umeme wala mabati ya jirani. Akacheka sana. Eti mbegu zake lazima zilale mu baridi ya friji kama miezi mitatu ao mine njo ziamke, na muti wenyewe unataka winter kila mwaka. Sasa baridi yetu ya Goma ni ya sweta ya asubuhi, saa ine umeshaivua, na friji yangu na umeme huu, tuache tu. Halafu akaniambia kitu kilichonishangaza: yale makubwa meupe mane si maua kabisa, ni majani yaliyovaa nguo ya ua, maua yenyewe ni tule tudogo twa kijani pale katikati.

Nikabaki na hamu yangu. Papa muzee jirani alinikuta niko nauliza bei ya miti ya urembo kwa kijana wa pepinyeri (bei, Mungu wangu!), akaniita pembeni, "Mama Mapasa, unatafuta maua ya Wazungu na muko umejaa kule Rutshuru bure?"

Muko! Utoto wangu wote nimeuona kwenye mashamba, ngozi nene kama kizibo cha chupa na miiba juu, na sikuwahi kuufikiria kama muti wa kupanda nyumbani. Wasomi wanauita Erythrina abyssinica. Kipindi cha jua unaangusha majani yote, unabaki matawi tupu kama muti uliokufa, halafu kwenye ncha za matawi yanatoka maua mekundu ya kuelekea machungwa, yamesimama kama mishumaa. Ukisogeza macho karibu unaona tunyuzi turefu pale ua linaposhikana na kijiti chake, kama vidole vinataka kukamata kitu.

Haupandi mbegu hata, unakata tawi la unene wa mukono na unalichomeka. Lakini parseli yangu iko juu ya makoro ya 2002, ile lava ya volkano Nyiragongo iliyopita mu mji mwezi wa kwanza, kwa hiyo shimo tu lilikula siku mbili na baramini, ile fito nzito ya chuma ya kuvunjia mawe, na udongo mweusi nikanunua mifuko mine, kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akanitolea jasho mpaka mulangoni. Tawi la kwanza likaoza. Kosa langu, nililimwagia maji kila asubuhi kama niko nakoga mutoto. Papa muzee akaja akalichomoa, akanusa chini, akatikisa kichwa. La pili aliliacha kivulini siku kadhaa mpaka pale alipokata pakauke, tukalipanda mvua ya mwezi wa kenda inaanza, akanikataza hata kuligusa. Wiki ya ine nikaona tujicho twa kijani.

Mama mumoja tunayesali naye alikuja akauona akasema toa hiyo kitu, ni muti wa mashetani. Najua anakotoa hayo, mu hadithi za wazee Ryangombe, yule muwindaji mukubwa wa zamani, alipigwa pembe na nyati akafia kwenye muko, ndiyo maana watu wa kubandwa, ile dini ya zamani ya kumuabudu, waliuheshimu na kuuita umurinzi, mulinzi. Miye sioni shetani mu muti unaolisha ardhi, ni ndugu ya maharagi huu, angalia tu ganda la mbegu zake, na maharagi niliyopanda chini yake yamenitolea vizuri kuliko yale ya ukutani.

Mwaka wa tatu njo ulitoa maua. Sasa umepita kidogo juu ya mulango, na saa kumi na mbili asubuhi kuna kandege ka mudomo mupinde kanakuja kunyonya, kanang'aa kama mafuta juu ya maji, mapacha wangu wanakachungulia kwa dirisha wakisahau chai. Kazi yangu ni mbegu tu, nyekundu na doa jeusi, nzuri kweli kwa shanga, ila ukizitafuna ni sumu, kwa hiyo naziokota mwenyewe kabla hawajatoka nje.

Kuna matawi mawili yameanza kugusa mabati, nitayakata mvua ikikaribia. Mwenye anataka tawi la kupanda akuje na panga yake.