Inchi moja na nusu ya kona

Matofali ninayofundishia watoto wa mtaani kwetu Magomeni, hapa Bagamoyo, nayafyatua kwa kalibu niliyoipunguza nusu kila upande. Tofali la kawaida la inchi sita lina urefu wa inchi 18, kimo 9, unene 6. La kwao ni 9, 4 na nusu, na 3. Kubwa linakaribia kilo 30. Nawauliza: je, dogo? "Kumi na tano, fundi!" Namwambia mmoja alinyanyue. Analibeba kwa mkono mmoja, kwa maana halifiki kilo 4. Basi wanayapanga madogo mawili kwa urefu, mawili kwenda juu, mawili kwa unene, mpaka yalingane na kubwa, kisha wanahesabu wenyewe: manane. Mtoto akishapanga hayo manane, ujazo hahitaji kuukariri.

Pembe mraba tunaipata kwa uzi wa mafundo yenye nafasi sawa, tukiuvuta uwe pembetatu ya nafasi tatu, nne na tano, na wanaizoea upesi.

Kazi iko kwenye kona. Ukuta ulionyooka hauna taabu: kila kiungo kinakaa katikati ya tofali la chini. Wakifika konani, tofali lililotoka upande wa pili linaonyesha unene wake tu, inchi 3, na linalofuata halikai katikati tena. Wanasogeza, wanapima, wanabishana, nami nanyamaza. Siku moja binti wa darasa la tano akasema, "Fundi, hapa pamepungua inchi moja na nusu." Ndiyo hasa! Nusu ya 9 ni 4 na nusu, toa 3. Tukakata kipande, tukakipachika, viungo vikakaa sawa hadi mwisho wa ukuta. Kwenye tofali kubwa kipande hicho ni inchi 3, na fundi makini hakiruki.

Halafu nawapeleka Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13. Pale hakuna tofali, ni mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa: moto huyatoa kabonidayoksaidi, yakazimwa kwa maji, na ukutani huivuta tena polepole kutoka hewani yakawa jiwe upya. Nyumbani tunalithibitisha hilo kwa madonge mawili ndani ya kopo la maji. La saruji linakuwa gumu humo humo. La chokaa linabaki laini, kwa sababu linataka hewa.

Ndiyo maana inaniuma kuona nyumba ya Mji Mkongwe ikipigwa plasta ya saruji. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuziba, unyevu hukosa pa kutokea, na mawe huanza kuliwa kwa ndani. Nataka watoto hawa walijue hilo kabla hawajashika mwiko wa kazi.

Jumamosi ijayo tunapaka chokaa ukuta wao. Mzazi, mpe mwanao glavu na miwani. Chokaa huunguza ngozi na macho.