Kisanduku cha sikukuu: foleni kwanza, taa baadaye

Kwa siku nne za Idi ya Mfunguo Mosi, yaani Idi el-Fitri, watoto wa Unguja na Pemba wanashika pesa zao wenyewe. Wameshavaa mapya, wameshazunguka kwa jamaa na majirani kupokea mkono wa Idi, na ikifika alasiri wanamiminika viwanjani: Kariakoo kwa watu wa mjini Unguja, Tibirinzi kwa watu wa Chake Chake. Sijui soko jengine la michezo hapa kwetu ambalo mteja ana miaka minane, sarafu anazo mkononi, na haombi ruhusa ya mtu kuzitumia. Kikundi cha wanafunzi kinachotaka kujifunza programu, ubunifu wa mchezo na biashara kwa mpigo mmoja kianzie hapo. Programu ya simu ya kushindana na dunia nzima itasubiri.

Mchezo ninaoupendekeza ni wa kugonga taa, tuuite Gonga Kaa. Unachezwa juu ya sanduku la mbao mtakalolitengeneza wenyewe, na uso wake una vitufe sita vikubwa vyenye taa ndani. Taa moja inawaka, mtoto anaigonga, inawaka nyengine, kasi inapanda, sekunde 30 zimekwisha. Mtoto wa pwani haelezwi mara mbili: kaa anachungulia shimoni, mpige kabla hajarudi.

Kabla ya kununua hata resista moja, kile kifaa kidogo cha kupunguza mkondo wa umeme, chezeni kwenye karatasi. Kateni kipande cha katoni cha sentimita 60 kwa 40, chora duara sita, mmoja amulike tochi ya simu juu ya duara, mwengine agonge, wa tatu ashike saa. Waiteni watoto kumi wa mtaani wa umri tofauti. Ndani ya saa moja mtajua mambo mawili ambayo hamtayajua mkiwa na bodi mezani: mikono ya mtoto wa miaka sita inafika wapi, na sekunde ngapi zinapita kati ya mchezaji mmoja kuondoka na wa pili kuanza. Namba hiyo ya pili iandikeni. Ndiyo itakayoamua kama mtapata faida, na nitairudia.

Kalenda nayo haichezewi. Mwezi unaweza kuandama usiku wa kuamkia 30, kwa hiyo sanduku liwe limekamilika na kujaribiwa tarehe 27 Ramadhani. Vifaa vya elektroniki kwa kawaida huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa boti, basi agizeni Shaabani. Wiki ya mwisho ya mfungo Darajani hapapitiki, na fundi seremala ana vitanda na makabati ya watu yanayomsubiri. Halafu kuna mvua. Mwaka 2026 Mfunguo Mosi umeangukia Machi na Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, mwisho wa Mei, yaani masika yanapoanza na yanapomalizikia. Turubali ni kifaa cha mradi kama ilivyo bodi.

Sasa vifaa. Bodi ya Arduino Nano, kompyuta ndogo ya kuendeshea mchezo, inatosha, hamhitaji kubwa zaidi. Vitufe sita vya milimita 60, vya aina ya mashine za michezo, vyenye swichi ndogo chini na taa ndani. Kioo cha tarakimu nne chenye chipu ya TM1637 ya kukiendesha, kwa ajili ya pointi. Moduli ya DFPlayer Mini, inayocheza faili za sauti, na spika ya wati 3 kwa sauti, kwa sababu ile buza ndogo haisikiki kabisa kiwanjani penye ngoma, honi za plastiki na muziki wa mabanda ya jirani. Memori kadi ya moduli hiyo ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32, na faili zipewe majina ya 0001.mp3, 0002.mp3 na kuendelea, ndani ya folda iitwayo mp3. Sauti ya kaa kupigwa irikodini wenyewe kwa simu. Nazi mbili zikigonganishwa zinatoa mlio mzuri.

Waya ziungeni hivi: vitufe kwenye pini 2 hadi 7, taa zake pini 8 hadi 13 kwa mpangilio uleule, kioo A0 na A1, kitufe cha kuanzia A2, sauti A3 na A4. Vitufe vitumie INPUT_PULLUP, amri inayowasha resista iliyomo ndani ya bodi, upande wa pili wa kila swichi uende moja kwa moja kwenye ardhi (pini ya GND), na mmeepuka resista sita. Tahadhari juu ya taa: vitufe vingi vya aina hii huja na taa ya volti 12, na kwa volti 5 inawaka kama mshumaa unaozimika. Toeni taa ile, tieni LED nyekundu ya kawaida na resista ya ohm 220. Inakula miliampea 14 hivi, na pini ya Nano inaibeba bila ya tabu.

Sanduku lenyewe liwe la plaiwudi ya milimita 12. Uso uinamie upande wa mchezaji, na ukingo wake wa mbele uwe sentimita 70 kutoka chini. Msitoboe kwa kipimo mlichokisoma mahali. Shikeni kitufe chenyewe, kipimeni, ndipo mchukue keekee. Kazi hii ya mbao wapeni vijana wanaosomea useremala katika vituo vya mafunzo ya amali, kama Mkokotoni au Vitongoji, na wawe wenye hisa ndani ya mradi. Mkiwafanya vibarua, sanduku likilegea siku ya Idi pili hamtomwona hata mmoja wao.

Bodi isikae chini ya uso wa vitufe. Watoto hawabonyezi, wanapiga ngumi. Ile mitetemo inazilegeza waya za kuchomeka, na hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya sanduku kufa katikati ya foleni. Ifungeni bodi kwenye ubao wa nyuma, juu ya kipande cha sponji, na waya zote zichomewe kwa solda au zikazwe kwa skrubu. Waya ya kuchomeka ni ya mezani tu.

Kwenye programu, msitumie delay, amri ya kuisimamisha bodi kwa muda, popote mchezo unapoendelea. Bodi iliyo ndani ya delay haimsikii mtoto, naye atakwambia amepiga na mashine imemdhulumu, na atakuwa anasema kweli. Tumieni millis, saa ya bodi inayohesabu milisekunde: wekeni muda taa ilipowaka, kisha kila mzunguko muulize umepita muda gani. Taa ya kwanza ikae milisekunde 900, kila kaa akipigwa mpunguze 40, msishuke chini ya 350. Chini ya hapo hata mtu mzima anakosa, na mtoto anaona mashine inamfanyia inda.

Taa inayofuata isiwe ileile iliyotoka kuzimika, maana mtoto ataona imeganda. Chukueni namba ya kitufe cha sasa, jumlisheni namba ya bahati kati ya 1 na 5, kisha gawanyeni kwa 6 na mshike baki, haiwezi kujirudia. Na mbegu ya bahati nasibu, yaani namba ya kuianzishia, ichukueni kutoka micros, saa ya bodi ya mikrosekunde, wakati kitufe cha kuanzia kinapobonyezwa, la sivyo kila mkizima na kuwasha, kaa wanatoka kwa mpangilio uleule.

Watoto watagundua ujanja siku ya kwanza: kulalia vitufe vyote sita kwa mikono miwili. Dawa yake ni kukata pointi moja kwa kila kitufe kisichowaka kilichopigwa. Lakini dawa hiyo inazaa ugonjwa mwengine. Swichi inapobonyezwa hairudi kimya. Inadunda kwa milisekunde chache, na bodi inaona mipigo miwili au mitatu. Mpigo wa kwanza ni sahihi, taa inahama. Mpigo wa pili unatua kwenye kitufe ambacho sasa kimezimika, na pointi inakatwa. Mtoto anapiga sawasawa, namba inapanda, papo hapo inashuka. Vikundi hukesha kutafuta kosa kwenye hesabu ya pointi wakati liko kwenye swichi. Pitisheni milisekunde 20 za kutoisikiliza swichi baada ya kila badiliko, na hesabuni kile kitendo cha kushuka kwa kitufe tu, si kule kukaa chini.

Umeme. Pawabenki ya mAh 10,000 inawatosha kwa siku nzima, kwani mzigo wote ukiwa na sauti ni kama miliampea 250. Tatizo ni kinyume chake: mchezo ukisubiri mteja, mzigo unashuka, na pawabenki nyingi zikiona mzigo mdogo zinadhani simu imejaa, zinajizima. Unageuka kutoa chenji, ukirudi sanduku limelala. Ungeni resista ya ohm 47 ya wati 1 kati ya volti 5 na ardhi. Inakula miliampea 106 muda wote na pawabenki inabaki macho. Inapata joto, isigusane na mbao wala gundi. Na kama pointi zinarudi sifuri kila sauti inapolia, spika inavuta umeme kwa ghafla na bodi inajiwasha upya. Kapasita (kifaa cha kuweka akiba ndogo ya umeme) ya mikrofaradi 1000 karibu na moduli ya sauti inamaliza habari hiyo. Jua la saa 10 nalo linaufuta mwanga wa taa na wa kioo. Paka uso rangi nyeusi isiyong'aa, na uweke kibanda cha ubao juu chenye kina cha sentimita 25.

Sasa foleni. Tuchukulie sanduku zima limewagharimu shilingi 120,000. Bei ni shilingi 200 kwa mchezo mmoja na 500 kwa mitatu. Bei hizi zimekatwa kwa sarafu zilizopo: mwenye mia tano anamaliza bila ya chenji, mwenye mia mbili anamaliza bila ya chenji. Wengi watachukua mitatu, basi fanyeni hesabu kwa 170. Mnahitaji michezo kama 706 kurudisha gharama. Kiwanja kinakupeni saa nne nzuri kwa siku, kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 2 na nusu usiku ukitoa magharibi, kwa hiyo saa 16 kwa sikukuu nzima.

Mchezo ni sekunde 30. Mtoto akianza kutafuta sarafu mfukoni baada ya mwenzake kumaliza, zinapotea sekunde 20, na kila mchezo unakula 50. Hiyo ni michezo 72 kwa saa. Ukitoa robo kwa vurugu za kawaida, 54. Gharama inarudi baada ya saa 13, na saa tatu zilizobaki zinaleta kama 27,500. Sasa chora duara la chaki mita moja kutoka kwenye sanduku. Anayefuata anasimama ndani yake, ameshalipa, wakati mwenzake bado anapiga. Sekunde 20 zinakuwa 8, michezo inakuwa 94 kwa saa, ukitoa robo 70. Gharama inarudi baada ya saa 10, na saa sita zinazobaki zinaleta kama 71,000. Mwenye kushika chaki na kopo la pesa ameongeza kuliko mstari wowote wa programu, na vikundi vingi kazi hiyo humpa yule anayeonekana hajui kitu. Bila shaka, hesabu hii inasimama pale tu penye foleni. Kodi ya nafasi kiwanjani itoeni humo humo.

Kufupisha mchezo hadi sekunde 20 kunavutia kwenye karatasi, lakini mtoto anajiona ameibiwa na harudi. Ukomo wangu ni 25. Na kwa sababu ya foleni, mchezo wa kukumbuka mpangilio wa taa, ambao walimu wanaupenda na unakaa vizuri kwenye sanduku hilihili, muuweke kwa siku ya maonesho ya skuli. Mtoto hodari anaweza kuushikilia dakika tatu huku foleni ikienda kununua aiskrimu.

Zawadi msiweke. Mtu kulipa ili apate nafasi ya kushinda pesa au kitu ni njia ya kuelekea kwenye kamari, na wazazi watakuwa wa kwanza kuwatoa watoto. Wekeni ubao na chaki: jina la mwenye pointi nyingi za leo, mmoja wa chini ya miaka tisa na mmoja wa juu yake. Ufuteni kila jioni. Usipofutwa, kijana wa miaka kumi na tano ataandika rikodi siku ya Idi mosi na hakuna atakayejaribu tena mpaka Idi nne.

Chenji itafuteni mapema: sarafu 40 za mia, 15 za mia mbili, 6 za mia tano, jumla 10,000, na hizo zisihesabiwe kama mapato. Mashine ya kupokea sarafu iacheni mwaka wa kwanza. Inataka volti 12, inataka kufundishwa kila sarafu, na mchanga unaikwamisha. Kitufe cha kuanzia kikae upande wa nyuma, kwa mshika kopo.

Kila kitufe hicho kikibonyezwa, bodi iongeze moja kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimwa. Imehakikishiwa maandishi 100,000, mtachoka nyinyi kabla yake. Usiku, kabla ya kuondoka kiwanjani, someni namba hiyo ya michezo kwenye kioo, toeni ya jana, kisha hesabuni kopo mbele ya wote. Michezo 280 na kopo la 40,000 badala ya 47,000 hivi maana yake kuna wadogo zetu kama arubaini waliocheza bure. Hilo si wizi, ni undugu, lakini liwe na safu yake kwenye daftari. Kisha futeni uso kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na chumvi, muondoe chumvi na mukaushe, mchomoe pawabenki, na namba ya michezo msiirudishe sifuri.