Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Cherehani Mwenye Maumivu Sugu ya Kiuno na Nyonga

Ninaamka saa 11 alfajiri, hapa Tanga, na huwa sikurupuki. Usiku hulala kwa ubavu nikiwa nimeweka mto katikati ya magoti, kwa sababu mguu wa juu ukiachwa uangukie mbele huivuta nyonga hadi asubuhi. Ili kuinuka, ninakunja magoti, ninashusha miguu sakafuni, kisha ninajisukuma kwa mkono mpaka nikae. Siku ambazo nyonga inakataa kukunjika, sala ya alfajiri ninaisali nikiwa kitini, kama dini ilivyomruhusu mgonjwa.

Saa 12 ninajaza maji ya moto kwenye chupa, ninaizungushia kanga na kuiegemeza kiunoni kwa takriban robo saa. Misuli ikishalegea, ninalala chali mkekani na kufanya mazoezi niliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia: kuvuta goti moja moja kifuani, kisha kunyanyua makalio huku nyayo zikiwa zimekanyaga chini. Ni yeye aliyenieleza kwamba maumivu yaliyozidi miezi mitatu huitwa sugu, na kwamba kuuma peke yake si ushahidi kuwa kitu kinazidi kuharibika ndani. Maelezo hayo yalinipa ujasiri wa kuendelea kusogea.

Saa 2 ninaanza kushona. Kiti changu kina egemeo, na nimekiinua kwa mto mgumu ili nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Kitambaa sikikati tena sakafuni, bali kwenye meza iliyopandishwa juu ya matofali hadi usawa wa kiuno. Jambo kubwa zaidi ni mpangilio wa kazi yenyewe: sishoni gauni zima kwa mkupuo, bali nikimaliza mishono ya mabega ninasimama kuipiga pasi, ninarudi kutia mikono, kisha ninasimama tena kukata nyuzi. Kwa utaratibu huo sikai zaidi ya nusu saa, na mteja hacheleweshewi nguo yake.

Kwenye saa 5 jirani amepita kuchukua sketi yake, akaniambia, “Shoga, nunua ule mkanda wa kiuno, utapona.” Nimemjibu, “Ahsante, shoga, lakini kwa maumivu kama haya yangu wataalamu hawaushauri.” Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unasema hivyo, na unaweka mbele mazoezi pamoja na elimu kwa mgonjwa.

Saa 7 ni chakula. Nazi ananikunia binti yangu, kwani mbuzi humlazimisha mtu kukaa chini mno huku amejikunja, na hakuna kazi ya jikoni inayoniumiza kuliko hiyo. Maumivu yakizidi ninameza ibuprofeni baada ya kula, kwa siku chache tu na kwa ushauri wa daktari. Inanisikitisha kuona wazee wenye presha wakizinunua dawa za aina hii kila wiki bila kuulizwa lolote, ilhali huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Saa 10 jioni ninatembea taratibu kuelekea Raskazone. Nikipitia sokoni, mzigo ninaugawa katika vikapu viwili, kimoja kila mkono.

Saa 3 usiku ninarudia mazoezi machache na kulala. Mume wangu nimemweleza dalili ambazo hazisubiri kukuche: ganzi sehemu za siri na kwenye makalio, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, na mguu kuishiwa nguvu ghafla. Yakitokea hayo, ananipeleka hospitali usiku huo huo, na namba ya dereva wa bajaji wa mtaani kwetu ameihifadhi kwenye simu yake.